Darasa la Jumamosi la maelezo ya onyo hapa Morogoro: nililipa elfu hamsini, haya ndo niliyoyakuta

Wadau habari zenu. Kuna watu kadhaa wameniuliza inbox kuhusu lile darasa la siku moja la maelezo ya onyo hapa Morogoro mjini, kama lina maana au ni watu wanatafuta hela tu, nikaona kuliko kumjibu mmoja mmoja bora niandike hapa kila mtu asome. Jibu la haraka ni hili: kama wewe ni msaidizi wa kisheria, au wakili kijana ndo unaanza kesi za jinai, lipa uende. Kama ni ndugu na mtu wako kashikwa jana yuko mahabusu, hela hiyo tafutia wakili kwanza, kwa sababu darasa jinsi lilivyo sasa halikukufikiria wewe, na hilo ndo lalamiko langu kubwa nitalifikia huko chini.

Waandaaji ni ofisi ya mawakili, jina naliacha. Ada elfu hamsini, unapata chai, chakula cha mchana, noti zilizochapwa na cheti. Linaanza saa mbili na nusu asubuhi mpaka jioni. Ukumbi mdogo, joto la Morogoro mnalijua, projekta ilisumbua asubuhi baadae ikakaa sawa, wali maharage ulikuwa mzuri. Basi hayo yameisha.

Kwa wasiojua tunaongelea nini: mtu akikamatwa kwa tuhuma za jinai polisi wanamhoji, anayosema yanaandikwa, anasaini au anaweka dole gumba, hayo ndo maelezo ya onyo. Kesi ikishafika kwenye ushahidi, pengine miaka imepita, wakili wa serikali anamsimamisha yule askari aliyeandika na kuomba ile karatasi ipokelewe kama kielelezo. Kama ndani mtu kakiri basi ile karatasi ni nzito kweli kweli. Mahakama ya Rufani imeshasema kwenye hukumu zake kwamba shahidi bora kuliko wote kwenye kesi ya jinai ni mshtakiwa anayekiri mwenyewe kwa hiari yake, na mwalimu alituambia tulipigie mstari lile neno hiari, maana ubishi wote wa siku ile ulikuwa hapo. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi kinasema kukiri mbele ya polisi kunapokelewa kama kulikuwa kwa hiari, na anayetakiwa kuthibitisha hiari ni upande wa mashtaka. Mshtakiwa hatakiwi kuthibitisha kwamba alipigwa. Hii watu wengi hata wenye digrii zao hawaijui, wanadhani bila makovu huna cha kusema.

Nilichopenda kwa mwalimu ni kwamba hakutupaka mafuta. Alisoma kifungu cha 27 halafu papo hapo akasoma cha 29, kinachosema maelezo hayakataliwi kwa sababu tu kulikuwa na ahadi au tishio, mpaka mahakama ione hilo tishio au hiyo ahadi ni ya aina inayoweza kumfanya mtu akiri uongo. Kwa hiyo askari kumwambia mtu "sema ukweli yaishe haraka" na askari kumning'iniza mtu ni vitu viwili tofauti kabisa mbele ya hakimu, na ukienda mahakamani na pingamizi la jumla jumla tu "alitishwa" bila kusema alitishwa nini, na nani, saa ngapi, unarudi na mikono mitupu. Kuna semina nimeshawahi kwenda zinakuaminisha kila kitu kinatupwa nje kirahisi. Hii haikuwa hivyo.

Kipindi cha kwanza ndo kimenikaa moyoni kuliko vyote. Mwalimu, wakili wa makamo aliyesimama kesi nyingi za mauaji, alitugawia nakala za maelezo ya onyo yaliyofutwa majina, makosa tofauti, vituo tofauti, akasema someni pale juu tu, kabla mtu hajaanza kueleza tukio. Tukasoma. Askari anajitambulisha cheo na jina, anamwambia mtu unatuhumiwa kwa kosa fulani, hulazimishwi kusema chochote isipokuwa kwa hiari yako mwenyewe, lolote utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani, halafu anamwambia unayo haki ya kuwepo wakili, ndugu, jamaa au rafiki wakati unatoa maelezo. Hayo ni matakwa ya kifungu cha 53 na 54 vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na yaandikwe kwa lugha anayoielewa mtu. Sasa angalia majibu. Karatasi zote tulizopewa jibu ni karibu lile lile neno kwa neno: ndiyo nimeelewa onyo na nipo tayari kutoa maelezo yangu peke yangu bila kuwepo wakili, ndugu, jamaa wala rafiki. Kijana wa bodaboda, mama wa dukani, mzee mkulima, wote wanaongea sentensi moja.

Mwalimu hakusema askari wanadanganya. Alisema inawezekana kabisa kwa mtu fulani ni kweli kachagua kuwa peke yake, ila kazi yako wewe unayemtetea ni kuuliza siku ile nje ya kituo alikuwepo nani. Na mimi hapo nilishindwa kukaa kimya nikaongea, kwa sababu kwenye kazi hii ya msaada wa kisheria nimekaa sana kwenye mabenchi ya nje ya vituo na akina mama wameshika hotipoti la chakula, hakuna aliyewaambia kwamba mtoto anaweza kuomba mama yake akae pembeni wakati anaandikwa, wao wanachojua ni kusubiri waruhusiwe kupeleka ugali. Halafu kesi ikija, jalada linasema mtoto alikataa ndugu. Yule mama hata mahakamani haitwi kuwa shahidi kwa sababu hakuna anayejua kuwa alikuwepo. Kusema ule ukweli kama darasa lingeishia hapo tu ningesema hela yangu imerudi.

Kipindi kilichofuata ni cha muda. Kifungu cha 50 cha Sheria hiyo hiyo ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ya 1985, kinawapa polisi masaa manne ya kumhoji mtu toka alipowekwa chini ya ulinzi. Kifungu cha 51 kinamruhusu anayesimamia upelelezi kuongeza yasiyozidi manane na amwambie mtuhumiwa kwamba kaongeza, na akitaka zaidi aende kwa hakimu akaombe. Ila, na hii ila ni kubwa, kuna muda hauhesabiwi, kama ule wa kumsafirisha mtu kwenda kituoni au sehemu nyingine kwa ajili ya upelelezi, au ule wa kusubiri wakili au ndugu aliyeitwa. Tukapewa mazoezi, na maelezo ya polisi yanaandika saa za jeshi, kwa hiyo kila mtu alikuwa anageuza kwanza: mtu kakamatwa Gairo 0930hrs, ni saa tatu na nusu asubuhi, kafikishwa Morogoro mjini saa saba mchana, maelezo yakaanza saa nane na nusu. Ukumbi mzima ukasema yamepitiliza. Mwalimu akasema hapana, toeni safari, limetumika lisaa limoja na nusu tu. La pili mtu kakamatwa Kihonda saa tatu usiku, hapo na kituo ni karibu tu, maelezo yameanza kesho yake saa tano asubuhi na hakuna karatasi yoyote ya kuongeza muda. Hapo kweli yako nje ya muda, na askari akiulizwa usiku kucha alikuwa wapi mara nyingi hana jibu zaidi ya "nilikuwa na majukumu mengine".

La tatu ndo lilileta ubishi mpaka chai ikapoa, mtu kakamatwa halafu anazungushwa kwenye gari siku mbili kutafuta wenzake. Upande wa mashtaka watasema ule ni upelelezi unaendelea, muda hauhesabiwi. Upande wa utetezi watauliza usiku alilala wapi, kitabu cha mahabusu cha kituo gani kina jina lake, alikula nini. Hapo mwalimu akatukumbusha kesi ya Freeman Mbowe, wakati ule mwenyekiti wa Chadema, na wenzake watatu, ambayo nadhani ndo iliyoingiza maneno kesi ndogo ndani ya kesi, yaani ile ya kuamua kwanza kama maelezo yapokelewe, kwenye vijiwe vya kahawa nchi nzima. Mshtakiwa wa pili na wa tatu walikamatwa Moshi Agosti 2020, maelezo yakaletwa mahakamani kwamba yaliandikiwa Dar es Salaam, utetezi ukapinga muda, ukapinga mazingira, ukasema kuna mateso. Jaji Mustapha Siyani akasikiliza kesi ndogo na Oktoba 2021 akayapokea ya mshtakiwa wa pili, halafu akaiachia kesi maana alishateuliwa Jaji Kiongozi, akaingia Jaji Joachim Tiganga, ikaanza kesi ndogo nyingine ya maelezo ya mshtakiwa wa tatu, nayo yakapokelewa. Machi 2022 DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, akaiondoa kesi yote. Mwalimu hakuingia kwenye siasa, na nilimshukuru, alichotaka tuone ni jinsi mashahidi walivyobanwa kwa saa na sehemu, gari ilitoka wapi saa ngapi, ikafika wapi, nani alikuwa zamu kaunta.

Pia akatupa kesi ya zamani kidogo, Janta Joseph Komba na wenzake, rufaa namba 95 ya 2006, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema kumweka mtu mikononi mwa polisi kupita muda wa sheria kwenyewe ni mateso, ya akili au ya namna nyingine. Mimi hii niliiandika kwa kalamu nyekundu. Ila tena hakutuacha tushangilie, akasema kuna kifungu cha 169 cha Sheria ya Mwenendo, kinachoipa mahakama nafasi ya kupima ushahidi uliopatikana kinyume na sheria, inaweza kuupokea kama ikiridhika kwamba kuupokea kuna faida kubwa kwa umma na haki za mtu haziumizwi kupita kiasi, na wa kuiridhisha mahakama ni yule anayetaka ushahidi uingie. Nikiandika hapa inaonekana fupi, pale tulikaa nayo mpaka chakula.

Baada ya kula tukaingia kwa mlinzi wa amani. Hapa nitasema kidogo kwa sababu na wao walisema kidogo, na walikosea kubana. Mtu akishaandikwa polisi mara nyingi kwenye kesi kubwa anapelekwa kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, huyo ndo mlinzi wa amani, akatoe maelezo mengine mbele yake, polisi wakiwa nje. Kuna mwongozo wa Jaji Mkuu ambao hakimu anatakiwa kuufuata, amuulize mtu alikamatwa lini na wapi, alilala wapi kabla ya kuletwa, kama kuna mtu kamtishia au kumuahidi au kumpiga ili aje kusema, kama kweli anataka kusema kwa hiari yake, na amwambie kwamba atakayosema yanaweza kutumika dhidi yake. Swali la ulilala wapi ni la maana sana jamani. Mtu akijibu nimelala mahabusu siku ya tano leo, hakimu kayaandika mwenyewe kwa mkono wake, hiyo tayari ni kumbukumbu ambayo hakuna askari anaweza kuibadilisha. Nilitamani tufanye zoezi la hiki kipande, hatukufanya, muda ulienda kwenye igizo.

Igizo sasa. Walitugawa, mmoja hakimu, mmoja wakili wa serikali, mmoja wakili wa utetezi, mmoja afande aliyeandika, mmoja mshtakiwa, na tukaendesha kesi ndogo toka mwanzo. Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni lini unasimama. Askari anapoomba maelezo yapokelewe, hapo hapo kabla hayajapokelewa ndo unapinga na unasema unapinga nini, kwamba hakuyatoa kabisa au aliyatoa ila kwa kulazimishwa. Ukikaa kimya yakapokelewa halafu siku ya kujitetea mteja wako ndo anasema nilipigwa, umechelewa. Hiki kitu kinawaponza washtakiwa wasio na wakili kila siku, maana wao wanajua zamu yao ya kuongea ni kwenye utetezi, hakimu anawauliza una pingamizi wanajibu sina wakidhani wanaulizwa kama wana swali. Ukishapinga Mahakama Kuu inasimamisha kesi kubwa na kuendesha ile ndogo, kama kuna wazee wa baraza wanatoka nje wasisikie, mahakama za chini wanafanya uchunguzi mdogo, na kesi ya Twaha Ali na wenzake watano, rufaa namba 78 ya 2004, ndo inatajwa sana hapo.

Mimi nilipewa kuwa wakili wa utetezi na afande wangu alikuwa dada mmoja wa Kilosa, mkali huyo, alijibu kama kazaliwa kaunta. Nikamuuliza ulimkuta mtuhumiwa saa ngapi, akasema saa mbili asubuhi. Nani alimtoa mahabusu? Mimi mwenyewe. Ulisaini wapi kumtoa? Akasema kitabu cha mahabusu. Kitabu umekuja nacho? Hapana mheshimiwa. Mwalimu akasimamisha hapo akasema hapo usiendelee kumuuliza kwa nini hujaja nacho, ukimuuliza atapata nafasi ya kueleza, kaa chini hilo utalisema kwenye majumuisho, zile hoja za mwisho. Kitu kama hicho hukipati kwenye kitabu, mtu aliyefanya kazi ndo anakijua.

Kuna mambo mawili mengine igizo lilituonyesha. Maelezo yakishapokelewa lazima yasomwe kwa sauti mahakamani, mshtakiwa asikie kilichomo, toka kesi ya Robinson Mwanjisi ya 2003 Mahakama ya Rufani imekuwa ikikazia kwamba nyaraka isafishwe kwanza, yaani pingamizi zimalizwe, ipokelewe, ndo isomwe, na nyaraka isiyosomwa inafutwa kwenye kumbukumbu za kesi hata kama ilipokelewa bila kelele. Na jambo la pili, kupokelewa sio kuaminiwa. Mshtakiwa akiwa ameyakana maelezo, mahakama inatakiwa iyapime kwa tahadhari na kutafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono, ingawa inaweza kutia hatiani kwa hayo peke yake ikiridhika kuwa ni ya kweli. Hiyo inatoka Tuwamoi dhidi ya Uganda ya 1967, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ya enzi zile, na mpaka leo majaji wetu wanaitaja. Kwa hiyo ukishindwa kesi ndogo usirudi nyumbani kulala, bado una nusu ya kazi.

Mchana wakamleta mzee mmoja mpelelezi mstaafu. Nilipomuona kwenye ratiba nilidhani atakuja kutetea kazi yake, lakini mzee aliongea kwa uwazi ambao sijausikia sehemu nyingi. Alisema kituo kinaweza kuwa na gari moja halina mafuta, mpelelezi mmoja ana majalada rundo, mtu kakamatwa usiku na yeye yuko eneo la tukio jingine, na masaa manne yanaisha hajarudi. Na akasema kukiri kunapendwa kwa sababu kunapunguza kazi, ukishakuwa na karatasi ya kukiri unaacha kutafuta shahidi, unaacha kupeleka vitu maabara, halafu karatasi ikianguka mahakamani jalada zima linaanguka nayo kama nyumba ya nguzo moja na aliyeua kweli anarudi mtaani. Mimi nilitaka hasa hilo lisikike kutoka kwa mtu wa upande wao. Akamalizia kwamba yeye akitaka maelezo yake yasimame alikuwa anamuita ndugu wa mtuhumiwa anakaa pale pale mezani na anasaini, na hayajawahi kumwangusha. Dada wa Kilosa akamuuliza, "Shikamoo mzee, sasa kwa nini isiwe hivyo kwa wote?" Mzee akajibu marahaba mwanangu, sheria inasema mtu apewe nafasi, haisemi ndugu lazima awepo.

Na hapo ndo likaja suala la Kenya, ambalo mwalimu aliligusa kama dakika kumi na mimi ningempa saa nzima. Wenzetu kifungu chao cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kukiri hakupokelewi mpaka kuwe mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi ambaye sio anayepeleleza kesi hiyo na cheo chake sio chini ya inspekta, na awepo mtu wa tatu ambaye mtuhumiwa kamchagua mwenyewe. Wana kanuni zao za 2009 zinazoenda mpaka kwenye mambo ya chakula, maji na usingizi. Mtu mmoja darasani akasema ukiweka masharti hayo wahalifu wote wataachiwa. Sio kweli. Kesi ya mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva, waliouawa 2016, mmoja wa washtakiwa alikuwa kakiri kwa utaratibu huo, akaja kupinga mahakamani, Jaji Jessie Lessit akasikiliza kesi ndogo, akayapokea, na Julai 2022 washtakiwa wanne wakatiwa hatiani wakiwemo askari polisi. Masharti magumu yalifanya ile karatasi isimame imara. Na India, ambako sheria yao ya ushahidi ya 1872 ndo tuliyokuwa tunaitumia Tanganyika mpaka tulipotunga yetu 1967, kukiri mbele ya polisi kwa kawaida hakupokelewi, na hata sheria yao mpya iliyoanza Julai 2024 imebaki na katazo hilo. Mimi siendi mbali kama India. Ila mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa, hilo nalitaka huku kwetu kesho asubuhi, na ningependa darasa liwe na msimamo liseme hivyo badala ya kupita juu juu.

Sasa mapungufu. Noti zimeandikwa Kiingereza mwanzo mwisho. Hili halikubaliki. Maelezo ya onyo yanaandikwa Kiswahili, askari anaonya kwa Kiswahili, na toka marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama, sasa mnamfundisha msaidizi wa kisheria wa kata aende kumueleza bibi kwa noti za Kiingereza? Mwalimu anaongea Kiswahili kizuri kabisa, kwa hiyo sijui kwa nini karatasi zisiwe hivyo. Halafu namba za vifungu ni za toleo la zamani. Toleo la sheria zilizorekebishwa la 2023 limeanza kutumika Julai 2025 na baadhi ya namba zimesogea, mimi hapa nimetumia zile tulizozizoea kwa sababu ndo zilizomo kwenye hukumu nyingi mtakazosoma, ila mtu anayelipia mafunzo alitakiwa apewe jedwali la namba ya zamani na mpya, ukurasa mmoja tu. Hukumu walizotaja nyingi zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII, wangeweka kwenye noti namba kamili za rufaa zote ili mtu akatafute mwenyewe, wameweka chache. Cheti kilichelewa kidogo, sio ishu.

Kubwa ni lile la ndugu. Siku nzima tunaongelea mahakamani, pingamizi, kesi ndogo, majumuisho, wakati kila ushahidi tuliousifu mle ndani ulizaliwa kituoni siku ya kwanza. Saa ya kukamatwa anaijua jirani. Saa ya kufika kituoni anaijua ndugu aliyefuata gari na bodaboda. Kama mtu aliingia mzima akatoka anachechemea anajua mama aliyempelekea chakula asubuhi na jioni, na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, bila mtu wa nje kuipigia kelele inaweza isitolewe. Hawa hakuna anayewafundisha waandike chochote, na miaka ikipita wanakuja kwa wakili wanasema "ilikuwa kama mchana hivi". Wakili mzuri duniani hawezi kujenga kesi ndogo kwa kama mchana hivi. Tena sasa hivi kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imefanya watu wa vijijini watujue, wanatupigia simu usiku huo huo mtu akishikwa, kwa hiyo nafasi ya kuwaambia cha kufanya tunayo.

Kwa hiyo alama zangu: kwa mawakili wanaoanza na wasaidizi wa kisheria nyota nne kati ya tano, nyota moja imeondoka na zile noti. Kwa familia nyota mbili. Bei ni sawa kwa mtu wa mjini, kwa msaidizi wa kisheria anayetoka Malinyi au Ulanga ukiweka na nauli na pa kulala ni nzito, wangefanya nusu ada kwa wanaotoka mbali.

Nimewaandikia waandaaji baada ya darasa, nimewaomba watengeneze karatasi moja ya Kiswahili ya kumpa ndugu, isiyo na kifungu hata kimoja, imuambie andika saa mtu wako alipochukuliwa, waliomchukua walisema ni wa kituo gani, wewe ulifika kituoni saa ngapi, uliongea na nani kaunta na alikujibu nini, sema wazi kwamba unaomba kuwepo akiandikwa maelezo, ukimuona mkague mwili na ukiona jeraha omba PF3 siku hiyo hiyo, na karatasi hiyo tunza usimpe mtu yeyote zaidi ya wakili. Wamenijibu vizuri kwamba watalifanyia kazi kabla ya darasa lijalo. Wakichelewa nitaiandika mwenyewe kwa mkono na kuipiga kopi, na mwenye kata yake anayeihitaji aniambie hapa hapa nimtumie kwa WhatsApp.